Namba Kumi ya Maganga

Tarehe tisa Juni, mwaka juzi, nilimpoteza mtani wangu Maganga. Alilala mchana baada ya kula, hakuamka. Ninayotaka kukueleza yalitokea baada ya hapo, na yalitokea kweli. Sina faida yoyote nikikudanganya. Mimi ni mtu wa darasa la saba, nauza nafaka sokoni Mafiga, na wanaonijua watakuambia kwamba maneno yangu ni machache. Nisingeyatumia kwa uongo.

Kwanza umjue Maganga, maana bila hivyo utadhani ninakusimulia habari za kichaa. Alikuwa Mnyamwezi, fundi mstaafu wa mitambo ya kiwandani, na jirani yangu ukuta kwa ukuta. Mimi ni Mluguru. Unajua mwenyewe hao wawili wakikutana. Ni watani tangu mababu zake walipokuwa wakibeba mizigo kutoka bara kwenda pwani, wakipita chini ya milima yetu. Yeye aliniita mtumwa wake, mimi nilimwita mpagazi. Salamu hatukuwa nazo. Asubuhi akifungua dirisha alikuwa anauliza kama bado niko kitandani au nimeporomoka, kwa sababu, alisema, sisi tumezoea kulala mteremkoni hata kitanda cha sawasawa kinatutupa. Nami nilimuuliza shingo imelalaje bila mzigo. Wake zetu walikuwa wakitusikia huku wanafagia, hawageuki hata kutazama.

Huyo ndiye aliyenifundisha gari. Nilikuwa nimenunua gari dogo kuukuu, la otomatiki, na kila nikilipeleka kwa mafundi linarudi na ugonjwa mpya. Maganga akasema hawezi kukaa akitazama mtumwa wake anachunwa ngozi. Akaja na sanduku lake la spana. Alikuwa anaonyesha mara moja tu, kisha anakaa juu ya ndoo aliyoipindua, mimi naingiza mikono, yeye ananitania. Sijui kama kuna shule nyingine inayofundisha hivyo, lakini nilielewa.

Alinifundisha kwamba oili inapimwa asubuhi, gari likiwa limepoa na limesimama pa sawasawa. Unachomoa kile kijiti, unakifuta, unakichovya tena, ndipo unasoma. Maji ya rejeta vilevile. Anayefungua kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, alisema, anatafuta sura mpya, na wewe hiyo uliyonayo tayari ni ya msaada. Mkanda wa feni ubonyezwe kwa kidole gumba. Ukiwa umelegea au una nyufa, ubadilishe kabla haujakubadilishia safari. Betri, ukiifungua waya, anza na upande wa hasi, na ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Nilikuwa nasahau. Akanipa njia ya kukumbuka: hasi ni kama Mluguru shambani, wa kwanza kutoka, wa mwisho kuingia. Sijasahau tena.

Na kubwa kuliko yote aliniambia hivi: gari likigoma, anza na kilicho karibu na mkono wako. Wajinga huanza na injini.

Sasa, kuna jambo la spana namba kumi. Kama una gari dogo unajua kwamba namba kumi ndiyo hutumika kuliko zote, na ndiyo hupotea kuliko zote. Ya Maganga ilikuwa nzuri, ya kiwandani, ameipiga tupa na kuitia pengo mgongoni ili aitambue. Siku moja ikapotea. Tukatafuta uani, tukatafuta hadi kwenye banda la kuku. Kuanzia siku hiyo nikawa mwizi. Alinitambulisha hivyo kwa kila mgeni: huyu ni jirani yangu, mtu mwema, anaswali, ila ameniibia namba kumi. Aliwahi kunitaja hivyo kwenye harusi ya watu, kwenye kipaza sauti. Nikaapa sana kwamba sikuichukua. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyocheka. Tukaendelea kutumia ile spana ya kupanua na kubana, ambayo mafundi wana jina lake. Sitaliandika hapa.

Alipofariki nilijua kazi yangu. Mtani wako akifa hulii. Unavaa kofia yake, unatembea kama yeye, unalala kaburini na kukataa kutoka mpaka upewe kitu, unamsema marehemu mpaka wafiwa wacheke kwa lazima. Ndivyo anavyosindikizwa. Lakini Mihayo, kijana wake mkubwa anayeishi Dar es Salaam, alikuja akiwa ameumia sana, akaomba mbele ya watu kwamba anataka msiba wa utulivu. Simlaumu. Mtoto akifiwa na baba ana haki ya kuomba anachotaka. Watani wote tukakaa kwenye mikeka, mikono mapajani. Maganga akazikwa kwa heshima, kimya, kama mtu asiye na watani duniani.

Baada ya hapo dirisha la upande wa pili likawa halifunguliwi asubuhi. Na mimi boneti ya gari sikuifungua tena. Nilikuwa nikishika ile kamba ya kuifungulia nasikia kile kimya cha msibani, naiachia.

Ukaja mwezi wa nane, na harusi ya Zaituni, mtoto wa dada yangu. Hapa lazima uelewe kwetu mambo yalivyo. Kwa Waluguru, mpwa ni wa mjomba. Msikitini atatajwa baba yake, sawa, lakini asubuhi ile, kabla bwana harusi hajafika, mjomba husimama mbele ya ukoo akatamka kwamba mtoto anatoka kwa ridhaa. Asipotamka, bibi harusi hatoki chumbani hata akipambwa mara tatu. Zaituni hana mjomba mwingine. Na alikuwa ametuma neno kwamba bila bibi yake mzaa mama, pia hatoki. Kwa hiyo Ijumaa nilipanda Kinole, kijijini kwetu milimani, kumchukua Mama, na harusi ilikuwa Jumamosi asubuhi.

Mama anaishi juu kabisa, kwenye migomba na mikarafuu. Macho yake yamefifia, ila masikio yake yanasikia kuku wa jirani akitaga. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya ndizi. Kila ndugu alileta mkungu, na Mama alikataa kumwacha hata mmoja akasirike. Tulipoanza kushuka jua lilikuwa linaelekea kuzama na ukungu umeshaanza kushuka pamoja nasi. Barabara ile ni ya mawe. Gari lilikuwa linatikisika hadi Mama akaniuliza kama limelipiwa kututikisa.

Magharibi ilitukuta pahali penye kijito, mbali na nyumba. Nikazima gari. Nikatawadha, nikaswali kando ya njia, Mama akaswali amekaa kwenye kiti chake. Nikarudi, nikazungusha ufunguo.

Kimya. Si kwamba lilikohoa likashindwa. Hata taa za dashibodi hazikuwaka. Nikazungusha tena. Kama nimechomeka ufunguo kwenye jiwe.

Utaniuliza kwa nini sikuliachia liserereke mteremkoni mpaka liwake. Nimekuambia ni la otomatiki. Haliwashwi kwa kusukumwa. Utaniuliza kuhusu simu. Mtandao pale hakuna, na gari jingine la kushuka jioni ile halikuwepo. Nikafungua boneti kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikawasha tochi ya simu, na unajua nilianza na nini? Nilianza na injini. Nilisimama pale nikiwaza kwamba injini imekufa, Zaituni amekaa chumbani na hina mikononi, ukoo mzima unatazama mlango, na mjomba hajulikani aliko. Niamini, nilikuwa karibu kulia.

Ndipo nikamsikia mtu anapanda kutoka chini. Nikamwona anatoka kwenye ukungu, amebeba mzigo mkubwa kichwani, gunia limefungwa kamba, amelishika kwa mkono mmoja. Kivuli cha gunia kilimfunika uso. Nakuambia nilichokiona tu: niliona kidevu, na koti la zamani la buluu. Uso sikuuona. Siwezi kusema niliuona.

Hakusalimu. Alisimama upande wa pili wa njia, akasema:

"Mtumwa wangu, humo unachungulia magimbi?"

Mtu wa kabila jingine angeogopa, au angekasirika. Mimi nilifurahi. Kwetu, mtu anayekuvamia kwa maneno hivyo bila salamu ni mtani, na mtani humuulizi jina wala anakotoka. Unamjibu. Hilo ndilo lililonifanya nisishtuke, nami sikujiuliza Mnyamwezi anatafuta nini kule juu na gunia magharibi yote ile. Nikamwambia apite zake, mpagazi, kabla mzigo haujamzamisha shingo kifuani.

Hakucheka. Akasema hilo ni la watoto wa chekechea. Akauliza nimeangalia nini, nikamwambia naona ni injini. Akaniambia nianze na kilicho karibu na mkono wangu. Bado sikushtuka, maneno hayo ya busara yeyote anaweza kuyasema. Nikatazama mkono wangu ulipokuwa. Ulikuwa juu ya betri. Nikashika kibano cha waya wa upande mmoja, kikazunguka chenyewe, kimelegea kabisa kwa mitikisiko ya mawe. Cha pili kilikuwa kimefunikwa na ule unga mweupe unaoota kwenye betri isiyoangaliwa. Basi ni hilo tu. Lifunguliwe, lisafishwe, likazwe, twende harusini.

"Anza na hasi," akasema. "Kama Mluguru shambani."

Hapo nilishtuka kidogo. Lakini nilikuwa na shida nyingine kubwa zaidi. Nilipekua gari zima na ile spana ya kupanua sikuiona. Nadhani mpaka leo iko nyumbani, chini ya kitanda. Vidole havikazi nati. Nikamuuliza mpagazi kama ana namba kumi kwenye gunia lake.

Akasema anajua iliko namba kumi, ila kwanza nimtanie vizuri. Nikamwambia ndugu yangu, kesho nina harusi. Akanijibu kwa sauti ya chini, na neno hili ninalikumbuka kama lilivyotoka:

"Kuna mahali nilipita, nikangoja utani, nikapewa kimya. Tangu hapo mzigo huu haushuki."

Sijui kilichonipata. Nilianza polepole. Nikamwambia Wanyamwezi mtoto akizaliwa anapewa mzigo kabla ya ziwa la mama. Akasogeza gunia tu. Nikamwambia babu yake alitembea mpaka pwani, akaiona bahari, akauliza nani ataibeba. Nikamsikia anapumua kwa pua, kama mtu anayezuia kicheko. Basi nikafunguka. Nilisema kuhusu kofia yake, kuhusu mguu wake unaochechemea, jinsi wanavyokaa juu ya ndoo kama majumbe huku wanaume wengine wanafanya kazi, jinsi wanavyosingizia watu wizi kwenye harusi za watu kwa kipaza sauti. Nilipaza sauti milimani. Machozi yalikuwa yananitoka na mbavu zinaniuma kwa kucheka, vyote pamoja, na nilikuwa nimeshasahau ninayemsema ni nani. Yule mtu alicheka. Nilikijua kile kicheko. Kila asubuhi kilikuwa kikivuka ukuta wangu.

Akasema:

"Iko chini ya betri, upande wa taa. Niliiangusha mwenyewe. Nilikuona unaapa nikaona raha, nikakuacha."

Sikuinua kichwa. Nakuambia ukweli, niliogopa kuinua kichwa. Nikapenyeza mkono ubavuni mwa betri, upande wa taa, nikateremsha vidole mpaka chini kabisa, kwenye grisi na vumbi lililoganda. Kulikuwa na chuma. Nikakivuta, kikang'ang'ania, kikatoka. Nikakimulika. Spana namba kumi, imeota kutu ubavuni, na mgongoni ina pengo la tupa.

Nilipoinua kichwa njia ilikuwa tupu juu na chini.

Sasa mimi ni Muislamu, na mizimu siifuati. Nilisoma nilichojua kusoma, kisha nikafanya kazi, kwa sababu kesho kulikuwa na harusi. Nikafungua hasi kwanza, kisha chanya. Nikamwomba Mama chupa yake ya chai. Aliuliza nina kiu gani jioni ile, nikamwambia ni ya betri, akanipa huku akilalamika kwamba imetiwa tangawizi. Maji ya moto huyeyusha ule unga; chai ya tangawizi, nimethibitisha, nayo huyeyusha. Nikakausha kwa kitambaa, nikakwangua kwa ubavu wa kiberiti mpaka vichwa vya betri vikang'aa, nikarudisha chanya, nikakaza, nikamaliza na hasi. Nikazungusha ufunguo. Likawaka kama limechokozwa.

Tulishuka mpaka tulipoziona taa za mji. Ndipo Mama akasema yule mtani wangu hana adabu, ameondoka bila kuaga. Nikapunguza mwendo. Nikamuuliza, Mama, ulimsikia?

"Nilimsikia anasema na nilimsikia anacheka," akasema. "Nilisikia na mzigo ukitua chini. Miguu sikuisikia."

Na ile barabara, kumbuka, ni ya mawe.

Asubuhi Zaituni alitoka kwa ridhaa. Nilitamka mbele ya ukoo kwa mikono yenye grisi iliyogoma kutoka kwa sabuni zote za dada yangu, na katika picha zote za harusi nimeificha mgongoni.

Jumatatu nilibisha hodi kwa Mama Mihayo, mjane wa Maganga. Mihayo mwenyewe alikuwepo, amekuja kumtazama mama yake. Niliwaeleza yote kama nilivyokueleza wewe, nikaweka spana juu ya meza. Mama Mihayo aliishika, akapitisha kidole kwenye lile pengo. Kisha akaanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha, akacheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani. Akasema alijua siku zote. Maganga alikuwa akimwambia usiku kwamba mwenyewe ndiye aliyeipoteza, na kwamba akimwambia yule Mluguru, mchezo utakwisha. Mahali ilipoangukia hakumwambia hata yeye, mkewe.

Mihayo hakucheka. Aliuliza kwa upole kama bado naweza kufanya ile kazi aliyoniomba nisiifanye. Tukaenda makaburini jioni hiyo, sisi watatu. Nilivaa kofia ya baba yake. Nikatembea kama yeye, nikakaa kwenye ndoo pembeni ya kaburi, nikamsema tangu babu yake wa baharini mpaka namba kumi. Katikati Mihayo akanisahihisha: baba hakuwa akitembea hivyo, alikuwa akichechemea zaidi. Akainuka akanionyesha. Tulicheka mpaka mlinzi wa makaburi akaja kutazama kuna nini.

Kwa desturi, kitu mtani anachochukua msibani wafiwa hukikomboa. Nilimtolea Mama Mihayo ile spana aikomboe. Akakataa. Akaniambia:

"Kaa nayo. Na ikipotea tena, Mluguru, tutajua tu mwizi ni nani."

Tangu hapo dirisha la upande wa pili hufunguliwa asubuhi, na anayenitania ni yeye. Ni mkali kuliko marehemu.

Sasa nisikilize wewe mwenye gari. Kabla ya kupanda mlima, fungua boneti. Pima oili, tazama maji, na ushike vibano vya betri kwa mkono, usivitazame tu kwa macho; kimoja kikizunguka, kikaze. Ukiona unga mweupe, uoshe kwa maji ya moto. Namba kumi isikose garini. Na kama una mtani, Mnyamwezi, Mzigua, Mngoni, yeyote, akifa usikubali azikwe kimya. Omba ruhusa kwa upole, ngoja kama ni kungoja, lakini mtanie. La sivyo atakungoja barabarani na mzigo wake, na huenda wewe hutakuwa na bahati ya kuwa na harusi kesho yake, ya kukusukuma umtanie.

Jumapili iliyopita nilitoka uani kubadilisha plagi. Namba kumi huwa naiweka kwenye kisanduku cha mbele, nakifunga kwa ufunguo, na ufunguo uko shingoni mwangu. Nikafungua. Haimo. Nikatazama chini ya viti, nikatazama chini ya betri, upande wa taa. Haipo. Basi nikasimama katikati ya ua, nikakaza mkanda wa suruali, nikamwita mpagazi, mwongo, mjukuu wa mbeba bahari, kwa sauti yote niliyonayo. Jirani mpya wa upande wa nyuma akachungulia juu ya ukuta, akaniuliza kama kuna tatizo, mzee.

Nikamwambia hakuna. Natengeneza gari.